Kona Haijaisha Mpaka Indiketa Izimwe

Asubuhi moja nilimshusha abiria Nyasho, mjini Musoma, nikapokea nauli yangu nikaingia tena barabarani. Wakati wa kusogea pembeni nilikuwa nimewasha indiketa ya kushoto, kama inavyotakiwa. Sikuizima. Mbele kidogo, upande huohuo wa kushoto, kuna njia ya mtaani, na mdomoni mwa njia hiyo alikuwa amesimama mzee mwenye baiskeli iliyobeba magunia mawili ya mkaa. Aliniona nakuja, akaiona taa yangu inapiga, akaamini ninaingia kwake. Akaisukuma baiskeli, akaingia lami.

Nilibana breki zote mbili. Tairi la nyuma likateleza, pikipiki ikasimama hatua moja kutoka ubavuni mwa baiskeli. Mzee hakuguswa, lakini aliruka nyuma, baiskeli ikalala chini, gunia moja likapasuka na mkaa ukatapakaa barabarani. Nilijiandaa kutukanwa. Hakunitukana. Alinyoosha kidole kwenye taa ambayo bado ilikuwa inawaka na kuzima, akasema: "Kijana, si umeniambia mwenyewe kwamba unaingia huku?"

Sikuwa na la kujibu. Ni kweli nilikuwa nimemwambia.

Tangu siku hiyo naiona indiketa kama mdomo wa pikipiki. Ukiiwasha umesema neno, na kila aliye barabarani amelisikia. Ahadi ni deni. Ukishakata kona umelipa, na kuanzia hapo taa inayoendelea kuwaka inasema jambo ambalo halipo. Mwongozo huu ni wa yeyote anayeendesha pikipiki kati ya Musoma, Bunda na Butiama: bodaboda wa kijiweni, mwalimu anayekwenda shuleni, muuguzi wa zahanati, mfanyabiashara wa dagaa anayewahi mwaloni. Kuwasha indiketa wengi wetu tunajua. Kuizima ndiko kunakotushinda, na kuna njia za kuufundisha mkono usisahau.

Kwa nini tunasahau

Kwenye gari, swichi ya indiketa imefungwa karibu na mhimili wa usukani. Usukani ukirudi sawa baada ya kona, kuna kijino ndani kinachoisukuma swichi irudi katikati yenyewe. Dereva wa gari anaweza kusahau, gari likamkumbukia.

Pikipiki haiko hivyo. Usukani wake haukatwi sana. Ukiwa kwenye mwendo unapita kona kwa kuilaza pikipiki, na usukani unasogea kidogo tu. Hakuna mzunguko wa kutosha wa kusukuma kijino chochote. Zipo pikipiki kubwa za bei ghali, kama baadhi ya zile za BMW na Harley-Davidson, zinazozima indiketa zenyewe. Lakini Boxer, TVS na nyingi za Kichina tunazoziendesha huku kwetu zinakutegemea wewe. Usipozima, itawaka mpaka utakapofunga ufunguo.

Kuna sababu nyingine. Kabla ya kona akili yako yote iko kwenye kona: unaangalia gari linalokuja, mchanga ulioko pembeni, mtoto anayetaka kuvuka. Ukishatoka salama, akili inapumua na kukimbilia jambo linalofuata: nauli, simu inayoita, hadithi ya abiria. Taa ndogo ya dashibodi inawaka bila kuonwa, na kwenye jua la saa saba mchana hata ukiitazama huioni vizuri. Mlio wa flasha, kile kifaa kinachoiwasha na kuizima taa, nao unamezwa na injini, upepo na helmeti. Kwa hiyo usijilaumu kwamba huna kumbukumbu. Kumbukumbu peke yake haitoshi kwa kazi hii. Kinachotakiwa ni mazoea ya mkono.

Nani anadanganywa na taa yako

Ya kushoto ikibaki inawaka, anayedanganywa ni yule anayesubiri kwenye njia ya pembeni, kama mzee wangu wa Nyasho. Anaweza kuwa mwanafunzi, mama mwenye beseni kichwani, au dereva wa bajaji. Anakuhesabu kuwa unapunguza mwendo na kuingia, naye anatoka. Hii ndiyo hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu anaingia mbele yako huku wewe ukiwa kwenye mwendo kamili.

Ya kulia ikibaki inawaka, anayechanganyikiwa ni aliye nyuma yako. Akiamini unakata kulia, anaweza kujaribu kukupita kwa kushoto, upande ambao hukumtarajia, na ukisogea kidogo kukwepa shimo mnakutana. Asipoamini, anabaki nyuma yako akibahatisha, na dereva anayebahatisha huamua vibaya. Anayekuja mbele yako naye, kama anataka kukata kona kuvuka upande wako, anaweza kudhani umempisha.

Kwenye barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Sirari kuna jambo la ziada. Madereva wa malori na mabasi wamejiwekea lugha yao ya taa. Lori lililo mbele yako likiwasha ya kulia wakati unataka kulipita, mara nyingi dereva anakuambia subiri, kuna kitu mbele. Akiwasha ya kushoto, anakuambia njia nyeupe, pita. Usiku gari linalokuja huwasha ya kulia kukuonyesha ubavu wake unaishia wapi. Haya ni mazoea ya barabarani, hayamo kwenye sheria, lakini watu wanayafuata kila siku. Fikiria basi unaingia kwenye mazungumzo hayo na taa ya kushoto uliyoisahau tangu Bunda: dereva wa nyuma anaweza kuisoma kama ruhusa ya kukupita, kumbe hata hujui yupo.

Na wewe usiyaamini maneno ya taa peke yake. Lori likikuwashia ya kushoto, huenda kweli linaingia kushoto, au dereva wake kasahau kama wewe. Angalia mbele kwa macho yako mwenyewe. Ukiwa unasubiri kuingia barabara kuu na pikipiki inakuja huku indiketa inapiga, usitoke mpaka uone imepunguza mwendo na tairi la mbele limeanza kugeuka.

Njia sita za kuufundisha mkono

1. Funga kidole gumba na klachi. Hii ndiyo ninayoitegemea kuliko zote. Swichi ya indiketa iko mkono wa kushoto, na klachi iko mkono huohuo. Kabla ya kona umeshusha gia. Ukitoka kwenye kona lazima upandishe. Basi weka sharti: gia ya kwanza utakayopandisha baada ya kona, klachi ikiachiwa, gumba linazima indiketa. Gia hutaisahau, maana injini yenyewe italalamika. Ukilifunga gumba kwenye klachi, injini inakuwa mkumbushaji wako.

2. Zima hata kama huna hakika. Swichi nyingi za siku hizi unazibonyeza katikati ili kuzima. Ukibonyeza wakati taa imeshazimwa, hakuna kinachoharibika, kwa hiyo bonyeza kila ukimaliza njia panda, kila ukiondoka kijiweni, kila ukishapita gari. Kama pikipiki yako ina swichi ya zamani ya kusogeza, kuwa makini: kidole kikizidisha nguvu, unazima kushoto na kuwasha kulia papo hapo. Sogeza taratibu mpaka uhisi swichi imekaa katikati, kisha tupia jicho dashibodi.

3. Sema kwa sauti. "Washa, kata, zima." Maneno matatu, kila kona. Ndani ya helmeti hakuna anayekusikia, na hata akikusikia hakuna ubaya. Anayejifunza ayaseme kwa wiki mbili za mwanzo bila kuruka kona hata moja. Neno la tatu lisiposemwa, utahisi kuna kitu kimepungua.

4. Tumia matuta. Barabara zetu zina matuta karibu na shule, masoko na vijiji. Kila ukipunguza mwendo kwa ajili ya tuta au alama za pundamilia, shusha jicho kwenye dashibodi mara moja kisha lirudishe barabarani. Kama ulisahau kwenye kona, tuta litakukamata kabla hujaenda mbali. Fanya jambo hilohilo kila unapoona kibao cha mwendo wa 50.

5. Mpe abiria kazi. Mtu aliyekaa nyuma anaona vitu usivyoviona. Kabla ya kuondoka mwambie, "Mama, ukiona taa yangu inawaka na hatukati kona, nigonge bega." Wengi hufurahi kushirikishwa, maana ni maisha yao pia. Na akikugonga, zima na ushukuru. Usimjibu kwamba unajua kazi yako.

6. Kubalianeni kijiweni. Wekeni ishara moja mnayoijua nyote: ukikutana na mwenzako taa inapiga bure, unainua mkono, unafumba na kufumbua vidole kama taa inavyowaka na kuzima. Au mwite tu: "Indiketa!" Isiwe aibu kuitwa. Kijiwe chenye utaratibu huo kinalinda watu wake.

Mahali tunaposahau zaidi

Kuna sehemu tatu ambapo nimeona usahaulifu ukijirudia.

Ya kwanza ni kushusha na kupakia abiria. Hapa unawasha mara mbili: kushoto kusogea pembeni, kulia kurudi barabarani. Kati ya hizo mbili kuna mazungumzo ya nauli, chenji, na mzigo unaofungwa. Kwenye mitaa yenye watu kama Mwigobero, au pale stendi ya Bweri magari yanapoingia na kutoka, kosa hili hutokea tena na tena. Utaratibu ni huu: ukishasimama, zima ya kushoto kabla hujamgeukia abiria. Ukitaka kuondoka, tazama saiti mira, geuza shingo kuangalia nyuma, washa ya kulia, ingia, na ukipandisha gia mara ya kwanza zima.

Ya pili ni kupita gari. Ukitoka Bunda kuelekea Kiabakari utakutana na malori yanayokwenda taratibu. Kulipita moja kuna vitendo vingi: washa kulia, toka, pita, washa kushoto, rudi upande wako, zima. Wengi hukumbuka vyote isipokuwa cha mwisho, kwa sababu ukisharudi mbele ya lori moyo unatulia na unafungua mwendo. Hapo ndipo taa ya kushoto inaposafiri nawe kilomita nyingi, ikipita mbele ya kila njia ya kijijini na kumwambia kila anayesubiri pale kwamba unaingia kwake.

Ya tatu ni njia panda kubwa. Ukitoka Bunda na unakwenda Butiama, pale Kiabakari unakata kulia. Ukiendelea mpaka Makutano, unakata kushoto kwenda Musoma, au unanyoosha kuelekea daraja la Kirumi, Tarime na Sirari. Watu wanaosubiri kwenye njia panda hizi wanaisoma taa yako kuamua kama watoke au wasubiri. Washa mapema wapate muda wa kukuelewa, na usizime katikati ya kona kwa haraka ya kumaliza. Pikipiki ikishanyooka kwenye barabara mpya ndipo uzime, na usivuke nyumba ya pili au mti wa pili ukiwa bado hujazima.

Kwa wanaokwenda Butiama nina ombi la pekee. Barabara ile hupokea wageni wanaokwenda kuona alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999, hasa karibu na tarehe 14 Oktoba ya kila mwaka. Dereva mgeni hajui njia za pembeni ziko wapi. Hajui kwamba mbele hakuna pa kukata kushoto, kwa hiyo hawezi kukisia kuwa umesahau. Yeye anachojua ni taa yako tu.

Itunze taa yenyewe

Indiketa mbovu haiwezi kusema kweli hata ukiwa mwangalifu kiasi gani. Kila asubuhi kabla ya kuondoka, fungua ufunguo, washa kushoto, zunguka mbele na nyuma uone zote mbili zinawaka, kisha fanya hivyo kulia. Haichukui hata dakika mbili.

Hesabu pia mwendo wa kupiga. Kwa kiwango cha kimataifa indiketa hupiga kati ya mara 60 na 120 kwa dakika, yaani mara moja au mbili kila sekunde. Ikianza kupiga haraka kuliko kawaida, au ikaganda bila kuzima, mara nyingi balbu moja imeungua au flasha inaelekea kufa. Kama uliweka taa za LED mahali pa balbu za kawaida bila kubadilisha flasha, unaweza kuona dalili hizohizo. Ikiwaka hafifu injini ikiwa kwenye sailensa, mwambie fundi apime betri na chaji. Usikae na tatizo hilo ukisema utalishughulikia mwisho wa mwezi.

Ukitoka barabara ya vumbi, futa vioo vya indiketa kwa kitambaa. Vumbi la njia za vijijini hugeuka tope mvua ikinyesha, na taa inawaka ndani bila mtu kuiona. Angalia na mzigo: gunia la dagaa au kreti za soda zilizofungwa vibaya zinaweza kufunika indiketa za nyuma kabisa. Panga mzigo taa zionekane. Ikishindikana, punguza mwendo mapema na utumie mkono kuonyesha unakokwenda, ilimradi usiuachie usukani ndani ya kona.

Kama unajijua kuwa msahaulifu, mwambie fundi umeme wa pikipiki akufungie kifaa kidogo kinacholia kila indiketa inapopiga. Baadhi ya pikipiki huja nacho. Sauti yake inakera, na hiyo ndiyo faida yake: utaizima indiketa ili upate utulivu.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtaka dereva atoe ishara kabla ya kugeuka. Trafiki anaweza kukusimamisha kwa taa mbovu, na ana haki. Lakini trafiki hayuko kwenye kila njia ya mtaani. Yule mtu anayesubiri pembeni yupo kila siku.

Mazoezi ya wiki moja

Siku ya kwanza, kabla ya kutoka nyumbani, simamisha pikipiki ikiwa imezimwa, kaa juu yake na ufanye mara ishirini: washa kushoto, bana klachi, achia, gumba lizime. Kisha mara ishirini kwa kulia. Mkono ujifunze wakati hakuna hatari.

Siku ya pili na ya tatu, endesha ukisema "washa, kata, zima" kwenye kila kona, hata ile ya kuingia uani kwako.

Siku ya nne na ya tano, ongeza jicho la matuta. Kila tuta, dashibodi.

Siku ya sita, mwombe abiria au rafiki akuhesabie. Atoke nawe asubuhi, aandike ni mara ngapi uliacha taa inawaka baada ya kona. Idadi hiyo inaweza kukushtua. Iandike ukutani.

Siku ya saba, rudia hesabu uone kama imepungua. Kama bado, rudi siku ya kwanza bila kuona haya. Mimi nilirudi mara tatu.

Yule mzee wa Nyasho nilimsaidia kuokota mkaa, tukaufunga kwenye kipande cha turubai, nikamsindikiza mpaka sokoni. Njiani sikuzungumza sana. Tulipofika penye kona ya kuingia sokoni niliwasha indiketa, nikakata, gumba likazima. Mzee alikuwa nyuma yangu na baiskeli yake, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayethibitisha hesabu: "Sasa nimekuelewa."

Hicho tu ndicho wenzetu wa barabarani wanachohitaji: watuelewe. Kesho ukiondoka, iwe Bunda, Butiama au Musoma, mtu atasimama pembeni akiisoma taa yako. Washa umwambie unakokwenda. Ukishafika, zima.